Tufikie Wapi Ziwani?

Ndugu msomaji wa Temeke au Kinondoni, umeweka akiba ili watoto wakalione Ziwa Victoria. Je, mtafikia wapi? Wengi huchagua mahali penye mandhari nzuri tu. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa. Asiye na gari atazame kwanza usafiri.

Mimi nashauri mfikie mjini Mwanza. Mabasi ya huko huondoka katika kituo cha Magufuli, Mbezi. Mkiwa Mwanza, daladala huenda Kisesa, karibu na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Mashua huenda kisiwa cha Saanane. Meli huenda Nansio, Ukerewe.

Penye chombo kimoja tu, mtu hujibana humo hata kikijaa. Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Septemba 2018 kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa.

Penye vyombo vingi, mzazi anaweza kusema, "Hiki kimejaa, tungoje kingine." Uwezo huo wa kukataa ni bora kuliko mandhari. Wahenga walisema: Kawia ufike.