Vivuko vya reli viamuliwe na wanakijiji

Treni ya umeme imeondoa adha kubwa ya safari ya Dar es Salaam na Dodoma. Safari iliyokula siku nzima kwa basi sasa ni ya saa nne hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Tangu huduma ifike Dodoma Julai 2024, hatujasikia msafiri anayetamani ya zamani. Nasi tunaipongeza Serikali kwa kazi hiyo.

Ila reli hii imepita kwenye ardhi ya watu. Ruvu, Ngerengere, Mkata, Kilosa, Gulwe, Igandu: kote huko imekatiza mashamba na malisho, na wenyeji wanaishi nayo usiku na mchana hata kama hawaipandi.

Reli ya kati ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilikuwa wazi. Mtu aliivuka na jembe begani, ng'ombe wakavuka, watoto wakavuka kwenda shule. Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa haivukwi hivyo. Ndiyo sababu njia yake imewekewa uzio, na anayetaka kwenda ng'ambo hana budi kutafuta daraja la juu au kivuko cha chini. Uzio huo tunauunga mkono bila kusita. Anayeukata anahatarisha mamia ya abiria, na kwanza kabisa wanawe mwenyewe.

Hoja yetu ni mahali vivuko vinapowekwa. Kivuko kikijengwa kilomita mbili kutoka kwenye njia iliyozoeleka, mkulima mwenye nyumba upande huu na shamba upande wa pili ameongezewa kilomita nne za kwenda na nne za kurudi, kila siku ya kulima, kupalilia na kuvuna. Mwenye gunia la mahindi atalipa bodaboda, na hela hiyo inatoka kwenye mahindi hayohayo. Barabara zinaonekana kwenye mchoro wa mhandisi. Kijinjia cha kwenda kisimani anakijua anayechota maji.

Kwa wafugaji jambo ni zito zaidi. Kundi la ng'ombe lililozibiwa njia ya kwenda mtoni halikai zizini likafa kwa kiu. Litapita penye upenyo, na mara nyingi penye upenyo ni shambani kwa mtu. Kilosa imeshazika watu kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wilaya ya namna hiyo haistahili kuongezewa chanzo kingine cha ugomvi kwa sababu tu kivuko cha mifugo kimewekwa pasipofaa, au kinajaa maji masika yakianza.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Mthamini anahesabu ardhi iliyotwaliwa, mazao na nyumba, kisha zinaongezwa posho kama ya usumbufu na ya usafiri. Lakini ekari zilizobaki ng'ambo ya uzio, ambazo mwenyewe sasa anazifikia kwa kuzunguka, nani anazihesabu? Kwetu sisi hiyo ni hasara, na inapaswa kulipwa au kuondolewa kwa kujenga kivuko.

Kuna pia suala la vituo. Treni ya haraka haiwezi kusimama kila mahali, hilo linaeleweka. Lakini kituo cha Kilosa au Gulwe kisichokuwa na soko karibu, wala barabara nzuri ya kuleta mazao, kitawafaa wenyeji kidogo sana. Halmashauri zisisubiri kuambiwa.

Reli sasa inaelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Tunalitaka Shirika la Reli na wakandarasi wake waende na ramani kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji kabla ya nguzo za uzio kuchimbiwa. Wanakijiji waonyeshe njia zao za shamba, maji, shule na mifugo, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari na kusainiwa. Kwa vijiji vya kati ya Pwani na Dodoma ambavyo uzio umeshavipita, madiwani wapeleke orodha ya vivuko vinavyokosekana, na Wizara ya Uchukuzi itenge fedha za kuvijenga katika bajeti ijayo.