Huduma ya Kwanza Haifundishwi Ubaoni Peke Yake

Katika shule na ofisi zetu nyingi huduma ya kwanza ingali ikifundishwa kwa maneno. Mkufunzi huchora ubaoni, huonyesha namna ya kufunga bendeji, kisha wanafunzi hufungana mikono mizima isiyo na hata mchubuko. Mafunzo hayo yana faida yake, lakini yana kasoro moja kubwa: hayamtayarishi mtu kuiona damu.

Siku ya ajali, anayefika kwanza si daktari. Ni mwalimu, karani, mvuvi au dereva aliyekuwa jirani. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Barabara kuu hiyo hiyo hupita Chalinze. Kutoka hapo magari hupinda kwenda Msata, na lami huteremka hadi Bagamoyo ikipita kando ya vijiji. Ni wangapi kati yetu tunaoishi njiani humo wanaojua kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno? Na kati ya wanaojua, ni wangapi ambao mikono yao haitatetemeka?

Dawa ya kasoro hii ni ya zamani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda chama kiitwacho Casualties Union, ambacho wanachama wake walijifunza kuigiza majeruhi kwa ajili ya mazoezi ya waokoaji. Sisi nasi tunao wataalamu wa kuigiza. Bagamoyo kipo Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Mji huo huo una Hospitali ya Wilaya. Msanii na muuguzi wakikaa meza moja, mafunzo yetu yatabadilika.

Hapana budi wasanii hao wawe wetu, kwa sababu vielelezo vingi vya vitabuni vimechorwa juu ya ngozi nyeupe. Mwanafunzi huambiwa atazame wekundu wa kuungua au rangi ya samawati ya mahali palipovilia damu. Juu ya ngozi nyeusi alama hizo hujificha. Weupe wa kupungukiwa damu hutazamwa kwenye midomo, viganja na ndani ya kope. Ngozi ya juu iliyoungua ikibanduka, ndipo wekundu au weupe huonekana chini yake. Mchoraji wa kwetu ataionyesha hali hiyo kama ilivyo, endapo muuguzi atamwelekeza.

Uigizaji wenyewe nao uwe wa kweli. Kijana wa jukwaani hupenda kupiga mayowe. Lakini anayepiga mayowe anapumua. Aliyenyamaza, mwenye jasho la baridi na pumzi za haraka, ndiye wa kukimbiliwa kwanza. Zoezi lisilo na majeruhi mkimya hufundisha uongo.

Pamoja na hayo, usalama usifanyiwe mzaha. Damu yaweza kutengenezwa kwa shira na rangi nyekundu ya chakula, ikatiwa kakao kidogo ili ikolee. Lengelenge hutengenezwa kwa mafuta ya mgando yaliyofunikwa kwa karatasi laini. Rangi za nyumba, gundi ya viatu na vigae vya chupa halisi visitumike kamwe. Rangi ijaribiwe kidogo mkononi siku moja kabla, na isikaribie macho wala kidonda cha kweli. Mwigizaji apewe neno maalumu la kusema endapo ataumia kweli, na wote walijue. Polisi, hospitali na wakazi wa jirani waarifiwe mapema, asije mpita njia akawapelekea wazazi habari za msiba usiokuwapo. Aliyefiwa katika ajali asilazimishwe kushiriki.

Wapo watakaosema kwamba kujipaka damu na kujilaza kama maiti ni uchuro. Heshima yao tunaitunza, lakini ajali haingoji kuitwa. Uchuro mkubwa zaidi ni umati kumzunguka majeruhi anayevuja damu, kila mmoja akimtazama mwenzake, hali kiganja kimoja na kitambaa safi vilivyokandamizwa juu ya jeraha vingeweza kumwokoa.

Kwa hiyo wakuu wa shule na wa idara katika pwani hii wasingoje fungu kubwa la fedha. Shira, rangi, unga na masizi vinapatikana jikoni. Kila shule ya sekondari na kila ofisi ya wilaya na ifanye zoezi moja kwa mwaka, chini ya uangalizi wa muuguzi, na baada yake watu wakae waambiane yaliyokosewa. Ni heri kukosea mbele ya damu ya shira kuliko mbele ya damu ya mtoto wa mwenzako.