Kibao Getini Hakitoshi: Mama na Shule ya Montessori



Ifikapo Oktoba na Novemba, wazazi wenye watoto wa miaka mitatu na minne huanza kuzunguka mitaani wakitafuta shule ya awali, maana mwaka mpya wa masomo hufunguliwa Januari na nafasi hujaa mapema. Siku hizi ukipita Dar es Salaam, Arusha au Moshi, hukosi kuona kibao kilichoandikwa “Montessori” getini. Basi akina mama wananiuliza: Montessori ni nini hasa? Ni dhehebu? Na kwa nini jirani yangu alipe ada kubwa vile ili mwanawe akashinde akimimina maji kutoka jagi moja hadi jingine?

Tuanze na hilo la dhehebu, kwa kuwa limewanyima usingizi baadhi yetu. Maria Montessori alikuwa daktari Mwitaliano, Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1952. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Mtaa huo haukuwa wa matajiri hata kidogo. Wazazi walikuwa watu wa vibarua, wakitoka alfajiri na kurudi jioni, na watoto walibaki wakichafua kuta na kuharibu ngazi za majengo. Wenye majengo walitaka mtu wa kuwashikilia tu. Daktari huyu akawapa vitu vya kushika na kazi za kufanya, akakaa akiwatazama, na mambo aliyoyaona kwa watoto wale ndiyo yaliyozaa mbinu yake. Leo inatumiwa na Wakristo, Waislamu, Wahindu na wasio na dini. Hapa Tanzania walimu wengi wa Montessori wamefunzwa katika vyuo vya masista, kama kile cha Lushoto. Kwa hiyo, mama, juu ya imani lala usingizi.

Jambo la kukuamsha usingizini ni jingine. Jina hili halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kupaka rangi kibao, kununua viti vidogo na kuandika “Montessori”, na mara nyingi hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana mama mmoja anasifu na mwingine analia kwamba amepoteza fedha zake, na wote wawili wanasema kweli.

Usichague kwa kusoma karatasi ya maelekezo wala kwa kutazama rangi za ukutani. Omba kuketi darasani asubuhi moja, kimya, pembeni. Shule nzuri haitakukatalia, ingawa inaweza kukupangia siku.

Ukiwa umeketi, tazama kwanza watoto, mwalimu baadaye. Katika darasa la kweli utakuta watoto wa miaka mitatu, minne, mitano na hata sita wako pamoja. Mmoja amekunjua mkeka sakafuni na kupanga vipande kumi vya mbao vya rangi ya waridi, kikubwa kikiwa cha sentimeta kumi na kidogo kikiwa cha sentimeta moja, anajenga mnara. Mwingine anapitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, akitamka sauti yake. Yule wa miaka mitano ana shanga: moja moja, kisha kijiti cha shanga kumi, kisha bapa la mia, kisha mchemraba wa elfu moja. Anaushika mchemraba ule kwa mikono miwili na kusema, “Elfu ni nzito.” Mtoto huyo hatasahau tena tofauti ya kumi na elfu, na hakukaririshwa.

Na yule anayemimina maji? Anajifunza kutuliza mkono ambao kesho utashika kalamu. Anajifunza pia kwamba maji yakimwagika kuna kitambaa, na kazi ya kupangusa ni yake. Hili peke yake, mama mwenzangu, lina faida nyumbani kwako.

Sasa mtazame mwalimu. Kama anasimama ubaoni na watoto arobaini wanaitikia kwa pamoja “A! E! I!”, hiyo ni chekechea ya kawaida, na inaweza kuwa nzuri, lakini usiilipie jina jingine. Kama vifaa vimefungiwa kabatini visiharibike, au viko rafuni vikiwa na vumbi, umepata jibu. Muulize alisomea wapi kazi hii na kwa muda gani. Uliza watoto wana muda gani wa kufanya kazi bila kukatizwa. Montessori mwenyewe alitaka karibu saa tatu mfululizo, na ratiba ya vipindi vya nusu saa nusu saa hailingani na hilo. Uliza mtoto anayempiga mwenzake hufanyiwa nini. Ukisikia fimbo, ondoka.

Tusiamini kwa sifa tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, walichapisha utafiti uliofanywa katika mji wa Milwaukee. Waliwalinganisha watoto waliopata nafasi katika shule ya Montessori kwa bahati nasibu na wale waliokosa, ili isije ikasemwa kwamba waliofaulu ni watoto wa wazazi wenye bidii zaidi. Wa miaka mitano waliosoma Montessori walikuwa mbele katika herufi na hesabu, na walishughulikia ugomvi na wenzao kwa busara zaidi. Kwa wa miaka kumi na miwili tofauti za masomo zilikuwa chache. Kisha mwaka 2012 Lillard akaonyesha kwamba watoto waliendelea vizuri zaidi pale mbinu ilipofuatwa kikamilifu kuliko pale ilipochanganywa na karatasi za mazoezi na vitu vingine. Ndiyo sababu nasisitiza uingie ndani uangalie.

Haya, tuje kwenye yanayotugombanisha nyumbani. La kwanza ni madaftari. Baba anarudi jioni, anauliza, “Leo umeandika nini?” Mtoto anajibu, “Nimekata ndizi, nikawagawia wenzangu.” Baba anakutazama wewe. Mtoto wa jirani tayari ana daftari limejaa a, b, c na alama za vema, na bibi yake anaimba habari zake kanisani. Mzee wetu huyu si mkorofi. Anafikiria ada, na anafikiria usaili wa kuingia Darasa la Kwanza ambao shule nyingi za binafsi hufanya. Usibishane naye. Mwombe achukue ruhusa asubuhi moja aende akaketi darasani, hata kwa saa moja. Nimeona akina baba waliokwenda kutafuta hoja ya kumhamisha mtoto wakarudi wakisimulia habari za shanga. Nimeona pia mmoja aliyerudi akiwa bado hakubali, na mama akakubaliana naye, mtoto akasoma kwingine na anaendelea vizuri. Amani ya nyumba nayo ni malezi.

La pili, ambalo ni zito zaidi, ni mwaka wa tatu. Wengi wetu humwingiza mtoto akiwa na miaka mitatu, na anapofikisha mitano tunamwondoa ili “akaanze kusoma kweli”. Hapo ndipo fedha zinapotea. Mbinu hii imepangwa kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza na wa pili mtoto hujenga mkono, jicho na sikio, na kwa nje huoni kitu. Mwaka wa tatu yote aliyoyashika kwa vidole hugeuka kusoma, kuandika na kujumlisha. Huo pia ndio mwaka anaokuwa mkubwa wa darasa, anayemfunga mdogo vifungo na kumwonyesha kazi. Na kwa mtoto wa mwisho nyumbani, ambaye hajawahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote, hilo ni jambo kubwa. Basi fanyeni hesabu mapema, mume na mke, na kalamu mkononi. Kama mnaweza kulipa mwaka mmoja tu kisha mtamtoa, ningesema msijibane. Tafuteni shule ya awali iliyo karibu, yenye mwalimu mpole na choo safi, fedha nyingine ziwekwe kwa ajili ya msingi.

Kuhama nako kuna yake. Mtoto aliyezoea kuchagua kazi yake na kunyanyuka bila kuomba ruhusa anaweza kuonekana mtundu akiingia Darasa la Kwanza lenye watoto wengi na dawati moja la watatu. Mwandae miezi michache kabla. Mpeleke akaione shule, zungumza na mwalimu mpya, mweleze kwa upole mtoto alikotoka. Wengi huzoea ndani ya muhula mmoja. Suala la Kiingereza nalo huulizwa sana. Mimi sioni haraka. Mtoto anayesimulia vizuri kwa Kiswahili, au kwa lugha ya bibi yake, ana mahali pa kuegesha lugha ya pili.

Na ninyi ambao hata ada ya mwezi mmoja haiwezekani, msifunge gazeti. Kumbukeni watoto wa San Lorenzo walikuwa wa nani. Mengi ya miaka mitatu hadi minne yanapatikana jikoni kwako. Mpe jagi dogo na kikombe, ammiminie baba maji. Mpe sinia la maharage yaliyochanganyika na choroko achambue. Mwekee ndoo yake ndogo na kitambaa chake, kwenye msumari ulio chini anakofikia mwenyewe. Gundi karatasi ya msasa ya fundi seremala kwenye boksi, kata herufi, mfundishe sauti na si jina la herufi. Mwambie dada wa kazi asimfungie kila kifungo. Asubuhi itachukua dakika kumi zaidi, kwa hiyo mwamsheni mapema, hasa siku za Jumapili.