Miche Imehesabiwa, Miti Je?

Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, tulipewa likizo ya kupanda miti. Nchi nzima. Serikali ilitaka miche milioni 100 siku hiyo moja, tukielekea miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kuna waliopanda na kuna waliolala.

Hapa Dagoretti Corner miche si kitu kigeni. Ukifuata Barabara ya Ngong kuelekea Karen, vitalu viko kando ya lami, miche imepangwa ndani ya karatasi nyeusi. Mama ninayenunua kwake aliniambia neno ambalo halijanitoka kichwani: "Mwanangu, wa kununua miche wanakuja na lori. Wa kuniuliza ile ya mwaka jana inaendeleaje, huyo sijamwona."

Huo ndio ugomvi wangu na serikali. Sipingi miti, jamani. Napinga pesa ya umma kuhesabiwa pale kazi inapoanza badala ya pale inapoishia. Mche uliopandwa Novemba unakutana na jua la Januari kabla haujashika. Asipokuwepo mtu wa kubeba mtungi na kufukuza mbuzi, mvua ya Machi inakuta kijiti. Lakini kwenye ripoti kijiti hicho kilishakuwa mti tangu siku ya picha.

Na tusidanganyane kwamba shida ni kutojua. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako papa hapa Dagoretti Corner. Matatu za Ngong zinayapita kutwa. Oktoba 2023 Rais alituambia El Niño haiji tena. Mvua ikaja, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 100 kabla ya mwaka kwisha. Masika ya 2024 Idara ilitoa tahadhari ya mvua kubwa, na bado watu karibu 300 wakafa. Waliojenga kando ya Mto Mathare wakavunjiwa nyumba, wakaahidiwa shilingi 10,000 kila familia. Tarehe 10 Mei tukapewa likizo nyingine: ya kuomboleza, na ya kupanda miti tena.

Hebu fikiria. Onyo lilikuwepo. Kilichokosekana ni pesa ya kazi zisizo na sherehe: kuzibua mitaro kabla ya mvua, kuhamisha watu mapema na kwa heshima, kumlipa mtu wa kutunza mche.

Mwaka huo huo Mswada wa Fedha ukaleta ushuru wa mazingira, hata kwa simu na nepi. Juni vijana wakajaa barabarani, mswada mzima ukaondolewa. Sasa nasikia ati Wakenya hawataki kugharamia mazingira. Uongo. Muulize aliyepoteza godoro, duka au mtoto kwenye mafuriko kama hajagharamia. Tunachokataa ni kulipia kitu ambacho hatuonyeshwi.

Mtu ataniambia kufuatilia mti mmoja mmoja ni ghali, na nchi ina madeni. Basi jibu liko nyumbani. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 bila hazina ya taifa, na wanawake wa vijijini walilipwa kiasi kidogo kwa mche ulioshika. Kuchimba shimo peke yake hakukutosha. Kama wakulima waliweza kuhesabu miti iliyo hai, wizara yenye magari na kompyuta inashindwa na nini?

Mimi nataka hivi. Pesa ya kila mradi wa miti igawanywe: sehemu ilipwe siku ya kupanda, iliyobaki ilipwe baada ya misimu miwili ya mvua, kwa miti iliyo hai tu. Wanaomwagilia walipwe kama vibarua wengine wowote. Na kila wadi ibandikiwe hesabu yake ofisini kwa chifu: miche mingapi, shilingi ngapi, mingapi imeshika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari hizo, tusisubiri kuhurumiwa.

Likizo nyingine ikitangazwa, nitapanda. Lakini kwanza nionyesheni ile ya Novemba 2023 iko wapi.