Gunia la Makaa na Kiota cha Mnana



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, siku haianzi ila kwa moto wa jikoni. Jiko la makaa ndilo lichemshalo chai na kukaangia mahamri, na harusi ikitujia ndilo libebalo masufuria ya biriani. Leo twapenda tujiulize jambo tusilolizoea: gunia hili la makaa lililo pembeni mwa jiko limetoka wapi?

Baadhi ya makaa yauzwayo Malindi na Mombasa hutoka Dakatcha, msitu ulioko ng'ambo ya mto Sabaki. Humo, juu ya miti ya mrihi, huishi mnana wa Kilifi, ndege mdogo wa rangi ya manjano na nyeusi. Duniani kote hapatikani ila katika kaunti hii moja, Dakatcha na Arabuko-Sokoke. Wataalamu walimtambua zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kwa muda mrefu hapakuwa na aliyejua anapotagia. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipoonekana katika kinamasi cha Dakatcha, na wenyeji wa kikundi cha hifadhi cha huko walikuwa miongoni mwa waliovitafuta.

Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali na una walinzi. Dakatcha, kwa sehemu kubwa, ni ardhi ya jamii, na mlinzi wake ni mwenyeji mwenyewe. Huko miti hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mchoma makaa. Huenda naye ni mama kama sisi, ana karo ya kulipa na mvua imemkatalia. Ndiyo maana hifadhi iliyofaa ni ile iliyompa mtu riziki. Kule Gede, tangu mwaka 1993, familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo kwa mradi wa Kipepeo, na buu aliyejifunga huuzwa ng'ambo. Wengine hufuga nyuki. Msitu uliosimama umekuwa shamba lao.

Twakumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni. Masahaba walipokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamrisha warejeshewe. Sisi hatujatia mkono kiotani. Lakini mti ukiangushwa ili sufuria yetu ichemke, je, tu mbali kiasi gani na wale waliochukua makinda?

Basi tufanye lililo katika uwezo wetu. Tumwulize muuzaji makaa yake ni ya mti gani na yametoka wapi. Swali likiulizwa na wanunuzi wengi, hufika hadi tanuruni. Tutafute makaa ya vifuu, au ya miti iliyopandwa shambani kama mvinje. Tutumie jiko lenye udongo ndani, lihifadhilo moto. Maharagwe na mbaazi tuziroweke tangu usiku, sufuria tuifunike, na makaa yaliyobaki tuyazime yatufae kesho. Huku ni kuepuka israfu, na mfuko wa nyumba nao hupumua.

Na watoto wetu tuwaonyeshe ndege kwa jina. Mtoto aliyezoea kumtazama mnana akisuka kiota mnazini hatamwinulia manati.

Dakatcha ni mbali na wengi wetu, na huenda tusimwone mnana wa Kilifi maisha yetu yote. Lakini amana hailindwi kwa kuonekana. Haba na haba hujaza kibaba, na gunia moja lisilonunuliwa ni mti mmoja uliobaki na ndege wake.

Wabillahi tawfiq.