Sensa za nyuma zisimfukuze utingo

Mavuno ya alizeti yanapoanza mkoani Singida, biashara nzima hukaa juu ya magurudumu. Mkulima wa Mgori anaweza kuwa na mzigo mzuri ndani, na mwenye mashine ya kukamua Singida mjini akawa na fedha mkononi, lakini pasipo Fuso, Canter au Noah ya kuwaunganisha wawili hao hakuna kinachouzwa. Ndiyo maana safari hii tunaacha kidogo bei za magunia na kuzungumzia kifaa kinachouzwa sana katika maduka ya vipuri: vile vidude vinne vinavyopachikwa kwenye bampa la nyuma, ambavyo hulia "pii, pii" gari linaporudi rivasi. Mafundi wetu huviita sensa.

Msimamo wetu ni huu: sensa ni matumizi mazuri ya fedha kwa mwenye gari la biashara, lakini tajiri anayefunga sensa ili amshushe utingo atakuwa ameuza mbuzi akanunua kamba.

Tuanze na faida, maana ipo. Sensa hutoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliisikii, kwa kawaida mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sauti hiyo ikigonga ukuta hurudi, na kisanduku kilichofichwa ndani ya gari hupima muda iliotumia. Kwa kuwa sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwenda na kurudi mita moja na nusu huchukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Si teknolojia ya jana. Toyota waliiweka kwenye Corona mwaka 1982. Kilichobadilika ni kwamba sasa seti nzima inauzwa pembeni, na fundi umeme wa kawaida anaweza kuifunga kwa nusu siku.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme seti pamoja na ufundi ni Sh 100,000. Tuseme taa ya nyuma, kunyoosha bodi na kupaka rangi baada ya kugonga nguzo ni Sh 250,000, na gari linalala gereji siku mbili bila kuleta hesabu. Mwenye bima ndogo asitegemee kitu hapo, kwani bima hiyo hulipa madai ya mtu wa tatu, hailipi bampa lako. Kwa hiyo sensa ikizuia kipigo kimoja tu katika maisha yake, imekwisha jilipa. Hadi hapo hatuna ubishi na mtu.

Ubishi unaanza pale tajiri anapoendelea na hesabu. Tuseme utingo analipwa Sh 10,000 kwa safari, na gari huenda Mgori mara mbili kwa wiki. Kwa majuma 52 hiyo ni Sh 1,040,000. Tajiri anajiuliza: kama kuna mashine inayolia yenyewe, ya nini kumlipa kijana wa kusimama nyuma na kupiga kelele "rudi, rudi, kata kulia"? Pengine si tajiri anayejiuliza, bali ni dereva aliyepewa gari kwa hesabu, ambaye kila anachobana njiani ni chake. Ushawishi ni mkubwa, na katika karatasi hesabu inakaa sawasawa.

Tatizo ni kwamba gari halirudi rivasi kwenye karatasi. Linarudi mahali pa kupakilia, penye magunia, mbuzi, baiskeli, mama lishe na ndoo zake, na watoto waliokuja kuangalia gari. Hapo tupime sensa ina uwezo gani.

Kwanza, muda. Sensa nyingi za bei nafuu huanza kulia kitu kikiwa mita moja na nusu au mbili kutoka bampa. Gari linalorudi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hukata kiasi cha mita 1.4 kila sekunde. Maana yake, kuanzia mlio wa kwanza kwa mita moja na nusu, dereva ana sekunde moja na chembe. Kwa kilomita 10 kwa saa ana nusu sekunde, na mguu hata haujafika kwenye breki. Sensa humsaidia dereva anayerudi taratibu kuliko mtu anayetembea. Dereva mwenye haraka haimsaidii kitu.

Pili, si kila kitu hurudisha sauti. Ukuta wa tofali hurudisha vizuri. Chuma chembamba, kamba au jiwe lililo chini ya usawa wa bampa huweza kupita bila kuonekana. Vitu laini kama nguo na magunia hunyonya sehemu ya sauti. Na mtoto ni nini kwa sensa, kama si kitu kidogo, kifupi, kilichovaa nguo, tena kinachokimbia?

Hili si letu peke yetu. Mwaka 2002 huko New York, mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, aliuawa na gari lililokuwa likirudishwa nyuma na baba yake mzazi nyumbani kwao. Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina la mtoto huyo. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilipovipima vifaa mbalimbali, iliona sensa peke yake si za kutegemea katika kumgundua mtoto. Hivyo tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe na kamera ya nyuma. Japani nayo ilianza mwaka 2022 kuzitaka modeli mpya ziwe na kifaa cha kumwonyesha dereva kilichopo nyuma au kumjulisha. Lakini sisi hununua magari ya Japani yakiwa yametumika miaka mingi. Sheria hiyo itatufikia Singida ikiwa ndani ya meli, na itachelewa.

Tatu, magari yetu ya mizigo yana mambo yake. Kwenye Fuso nyingi bodi hutokeza nyuma kupita chuma cha bampa. Fundi akifunga sensa kwenye chuma hicho, kifaa kinapima kutoka pale, si kutoka mwisho wa bodi. Dereva atasikia bado ana nafasi, kumbe ubao umekwisha gusa ukuta wa ghala. Aidha gari likibeba lumbesa za alizeti springi hukaa chini, bampa hushuka, na sensa huanza kuisoma ardhi kana kwamba ni kizuizi. Ikilia ovyo siku tatu mfululizo, dereva huichomoa waya. Kiangazi kuna vumbi, masika kuna tope. Sensa iliyozibwa na tope ama inanyamaza, ama inalia bila sababu.

Nne, na hili wengi hulisahau: sensa humwambia dereva, haimwambii aliye nyuma ya gari. Mlio uko ndani ya kebini, tena unashindana na redio. Mama aliyeinama kupanga vitunguu hasikii lolote. Anayemwambia "mama, gari!" ni utingo.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kufunga, ushauri wetu ni mfupi. Uliza kwanza umeme wa gari lako. Magari madogo ni volti 12, lakini Fuso na Canter nyingi ni volti 24, na seti ya volti 12 pekee itaungua siku ya kwanza. Sensa zikae kiasi cha nusu mita au zaidi kidogo kutoka ardhini, alama ya juu ikitazama juu, zimepangwa kwa nafasi sawa. Tundu litobolewe kwa keeni ya duara ya kipimo cha sensa yenyewe. Kwenye bampa la chuma dai mipira ya kuzuia mtetemo, la sivyo zitalia zenyewe. Umeme uchukuliwe kwenye waya wa taa ya rivasi, ili kifaa kiwake pale tu gia ya nyuma inapoingia, na viungio vifungwe vizuri visiingie maji. Usilipe kabla ya kujaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, mbele ya ukuta na mbele ya fimbo iliyosimamishwa. Fundi anayekataa majaribio hayo anakuuzia kelele. Kwa malori, ongeza king'ora cha nje kinacholia rivasi ikiingia. Hicho ndicho huwaonya watu.

Baada ya hapo, mwache utingo kazini kwake. Kwanza Sh 1,040,000 za mfano wetu hazikuwa za kupiga kelele tu. Kijana huyo hupakia, hufunga turubai, hubadilisha tairi, hulinda mzigo dereva anapokula, na huhesabu magunia yanapopanda na yanaposhuka. Ukimshusha utamlipa mtu mwingine kwa kila moja ya kazi hizo, au utalipa kwa magunia yaliyopungua. Na mwenye gari anayekaa mjini huku gari likifanya kazi vijijini aweke sharti hilo katika makubaliano na dereva wake: hakuna rivasi mahali penye watu bila mtu aliyesimama nyuma, pembeni, anapoonekana kwenye kioo. Hapo sensa na utingo watafanya kazi pamoja, mmoja akipima ukuta, mwingine akiangalia watu.

Katika biashara tumezoea kuuliza kifaa kitarudisha fedha baada ya muda gani. Ni swali zuri kwa bampa na taa. Kwa mtoto wa mteja wako halina maana, kwa sababu hakuna msimu wa alizeti utakaolipa deni hilo, na kijiji kilichompoteza mtoto chini ya gari lako hakitakuuzia tena hata debe moja. Funga sensa, ndugu mfanyabiashara, ulinde bampa lako. Lakini anayelinda jina lako Mgori bado ni yule kijana anayepiga kofi kwenye ubao wa bodi na kusema, "Simama!"