Diski Mbili, Bodi Moja

Bodi kuu za kompyuta nyingi za nyumbani zina uwezo uitwao RAID, nao wanunuzi wengi huamini kwamba mtu akitia diski mbili badala ya moja, kazi zake hazitapotea kamwe. Imani hiyo ni kubwa kuliko chombo chenyewe.

Fikra ya RAID haina kasoro. Ilielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: diski kadhaa za bei nafuu ziungwe zitumike kama diski moja, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Katika mashine kubwa kazi hiyo aghalabu hupewa kadi maalumu yenye prosesa na kumbukumbu yake, na pengine betri ya kuilinda kumbukumbu hiyo umeme ukatikapo. Bodi ya nyumbani haina vitu hivyo. Ina programu ndogo tu ya kuzitambua diski kompyuta iwashwapo. Baada ya hapo mzigo wote huiangukia prosesa ileile ifanyayo kazi nyingine.

Mzigo huo si neno. Prosesa za leo zaubeba bila taabu. Hatari iko kwingine. Mpangilio wa diski huandikwa kwa namna aijuayo mtengenezaji wa chipu. Bodi ikiungua, diski zilizokuwa nakala moja ya nyingine huenda zikasomeka kwingine. Lakini zilizogawana mafaili vipande vipande hazisomeki mpaka ipatikane bodi ya jamii ileile, au fundi ajuaye kuziunganisha kwa Linux, na mafundi hao si wengi. Hata betri ndogo ya saa, ile ya mviringo kama sarafu, ikiisha nguvu, bodi yaweza kusahau kwamba iliwekwa katika hali ya RAID, na kompyuta ikakataa kuwaka asubuhi ya kutoa matokeo.

Zaidi ya hayo, mwalimu akifuta alama za mtihani kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote mbili papo hapo. Mwizi naye hubeba sanduku zima.

Mwenye fedha za diski mbili yafaa aiweke ya pili nje ya kompyuta, ainakilie kazi zake kila Ijumaa, kisha aifungie kabatini, ikiwezekana katika jengo jingine. Diski hiyo haiitegemei bodi yoyote.